Mkimya anaweza ubingwa wa magonjwa ya akili? Jibu la daktari wa Mwanza

Dokta uliyeuliza kama mtu mkimya, asiyependa makundi, anaweza kusomea magonjwa ya akili bila kuchakaa mapema: anaweza. Mimi ni wa aina hiyo hiyo na ndiyo kazi inayoniweka hapa Mwanza.

Lile jaribio la haiba (MBTI) lililokupa herufi nne za aina yako lisikuvuruge. Chimbuko lake ni mawazo ya Carl Jung ya mwaka 1921, naye alikuwa daktari wa akili, aliyeanzia kazi hospitali ya akili ya Burghölzli, Zürich. Ila ukilirudia baada ya muda unaweza kupewa herufi nyingine. Watafiti wengi hupima sifa tano za haiba, kila moja kwa kiwango chake, na inayofuatana zaidi na kuchoshwa na kazi ni wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Basi jichunguze hapo. Ukishamruhusu mgonjwa aliyewahi kutaka kujiua, usiku unalala, au unakesha ukimuwaza?

Kliniki ukimya ni mtaji. Anakuja kijana wa kifafa kutoka Magu (ndiyo, kifafa nacho kwetu huishia kliniki ya akili), walishazunguka kwa waganga, na kila unachouliza anajibu baba yake mdogo. Daktari mwenye maneno mengi atabishana na huyo mzee. Wewe ukitulia, ukamwangalia kijana, ataanza kusema, pengine kwa Kisukuma, na nesi atakusaidia.

Kinachotumaliza sisi wakimya ni kukosa nafasi katikati. Anatoka mgonjwa, wanaingia ndugu, simu ya rufaa inaita kutoka Geita au Simiyu, maana mabingwa ni wachache na Kanda ya Ziwa ni kubwa. Jioni unapita soko la Mwaloni kununua dagaa, mtu anakushika mkono: "Dokta, dada yangu siku hizi haongei na mtu." Humkatalii, ila umechoka kuliko wodi ilivyokuchosha. Mimi hula chakula cha mchana peke yangu, mlango nimefunga. Wenzangu walidhani naringa, sasa wamezoea.

Kuna hospitali niliwahi kuomba zamu za usiku zigawanywe upya, mkubwa akacheka: "Si wewe ndiye daktari wa akili? Jitibu!" Kauli hizo ndizo zinawafanya vijana waamini kasoro iko kwenye tabia yao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya kuchakaa kwa kazi (burnout) kuwa inatokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa vizuri, wala halikuiita ugonjwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuiona haina maana, na kuona hufanyi lolote la maana. Hiyo ya pili ndiyo naiogopa, kwa sababu haiumi. Siku moja unasikia mdomo wako ukisema "huyu tena" kabla mgonjwa hajakaa.

Kwa hiyo kabla ya kuomba nafasi, nenda idara unayoitaka uwaulize walioko huko: zamu wanagawana wangapi? Kuna kikao cha wiki cha kujadili wagonjwa wagumu? Mgonjwa akijidhuru usiku, unampigia bingwa gani, na huwa anapokea simu?