Barua kwa mwanangu: mgongo wako

Mwanangu Hamisi,

Barua yako imefika, mama yako hajambo. Unauliza, kwa kuwa idara ya wanajeshi wastaafu huko Marekani imekukatalia fidia ya mgongo, urudi na ushahidi mpya kwa fomu yao 20-0995, au uombe mkaguzi wa juu alipitie dai upya. Wanakubali kwamba unaumwa, ila wanasema hakuna kinachoonyesha uliumia jeshini.

Hayo maneno nayajua. Machi 1979, vitani Uganda, kabla hatujafika Lukaya, nilibeba mgongoni bamba la chuma la kuwekea mzinga wa mota. Usiku, mvua, nikateleza mtaroni, bamba likanilalia kiunoni. Tabibu akanipa vidonge viwili, akaniuliza, "Utatembea?" Nikasema nitatembea. Hakuandika kitu, nami sikumwambia aandike. Nikatembea hadi Kampala.

Miaka kadhaa baadaye nikaenda ofisini kudai. Karani akafungua faili, akalifunga. "Hapa hakuna kitu." Nikaondoka, sikurudi tena. Kamba za viatu vyangu ukanifungia wewe, tangu ukiwa darasa la pili.

Nimewaambia siku zote: andikisha. Ukiumia, andikisha hata kama unaona haya.

Kuna siku nasema ningerudi kwa yule karani. Halafu najiuliza, wenzangu tumewazika kule, mimi nidai kiuno? Halafu tena naona, wao wangenikataza kwa lipi? Walikuwa wakinipokea mzigo nikichoka.

Umesema mkaguzi wa juu haangalii karatasi mpya, anasoma zilezile. Basi kama zilezile ndizo zilizokukosesha... Lakini wewe ndiye unayezijua, sitaki kukuamulia. Usiupitishe tu ule mwaka mmoja tangu tarehe ya barua yao. Daktari wako aandike waziwazi kwamba uwezekano wa mgongo kuharibikia jeshini haupungui nusu, na aeleze kwa nini. Mwenzako wa kikosi aandike alichokiona kwa macho yake. Na siku ya kupimwa kuinama usikaze meno kama baba yako. Maumivu yanapoanza, sema hapo hapo.

Jana mama yako alifungua sanduku lake, akatoa barua uliyotuandikia kutoka Kandahar, Afghanistan, mwaka 2010. Mstari wa nne: "Tangu niruke kutoka kwenye lori, mgongo haunipi usingizi." Tarehe umeiandika juu kwa mkono wako. Nimetoa nakala mbili, na kesho asubuhi naipeleka posta kwa rejesta.

Baba yako