Maswali ya Wasomaji: Katuni ya dawa za kulevya shuleni

SWALI: Shikamoo Mhariri. Shuleni kwetu tuna runinga moja na flashi yenye katuni ya nusu saa inayokataza dawa za kulevya. Tunataka watoto wote, la kwanza hadi la saba, waione kwa mkupuo. Kuna ubaya?
Mwalimu wa malezi, Mafinga

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Ubaya uko kwenye huo mkupuo. Mtoto wa la pili asiyejua heroini ni nini, ukimwonyesha inavyotumiwa umeshamfundisha. Wadogo wafundishe vilivyo karibu nao: wasinuse gundi wala petroli, wasimeze dawa wasiyopewa na mzazi au mhudumu wa afya, wasionje ulanzi wanaotumwa kununua. Katuni waachie la tano hadi la saba, darasa moja moja.

Itazame kwanza peke yako. Ruka panapoonyeshwa namna ya kusokota, bei au raha ya stimu.

Kisha angalia nani anamshawishi mtoto. Tarehe 21 Aprili 1990, vituo vikubwa vya runinga vya Marekani, mahasimu kibiashara, vilirusha kwa pamoja katuni ya kupinga dawa za kulevya ambayo mshawishi wake ni moshi unaoongea. Inachekesha, lakini Mafinga mtoto hafuatwi na moshi. Msokoto atapewa na binamu anayempenda.

Kwa hiyo katika kipindi cha dakika 40, onyesha dakika kumi tu. Simamisha pale mhusika anapopewa, uliza: "Angekuwa kaka yako, ungemjibuje?" Wajaribu wawili wawili, kwa sauti: jibu fupi, kuondoka, kumwambia mtu mzima. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, maana kutazama tu hakumpi mtoto maneno ya kukataa.

Usiwaambie "siku hizi vijana wote wanavuta". Marekani ilirusha matangazo ya kupinga dawa za kulevya kwa vijana kuanzia 1998; tathmini ya hadi 2004 haikuona bangi ikipungua, na kulikuwa na dalili kwamba walioyaona sana waliamini wenzao wengi wanatumia.

Mtoto akisema nyumbani kwao kuna anayetumia, usimhoji mbele ya wenzake. Zungumza naye faragha. Ushauri unapatikana kwa kupiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Na kagua Luku mapema. Umeme ukikatika mhusika akiwa bado anafurahia, watoto wataondoka na hicho.