Taa ya ABS imewaka kwenye gari la zamani? Anzia kwenye magurudumu

Gari likishazeeka, si ajabu taa ya njano ya ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge, yaani zisigome kuzunguka) kuwaka kwenye dashibodi na kugoma kuzimika. Ukiuliza, utaambiwa moja kati ya mawili: nunua pampu nzima ya ABS, au chomoa balbu uendelee na safari. Nimeishi na magari makuukuu miaka mingi, na ushauri wangu ni kuyakataa yote mawili mpaka magurudumu yakaguliwe.

Kwanza jua hatari yako ni ipi. Taa ya njano ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki bado zinashika. Kilichozimika ni ile ABS inayozuia tairi zisijifunge ukikanyaga kwa nguvu. Endesha taratibu, acha nafasi kubwa mbele yako, hasa barabara ikiwa imelowa. Lakini taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nayo, egesha gari. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma umepotea. Hapo magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema na gari likageuka barabarani.

Kwa nini magurudumu? Kwa sababu huko ndiko kwenye sensa za kusoma mwendo wa gurudumu, pete zenye meno ambazo sensa huzisoma zikizunguka, na waya, vyote vinavyopigwa na matope, maji na joto la breki kila siku. Pima kwa mashine inayosoma ABS, maana nyingi za bei nafuu husoma injini tu. Kodi (namba ya hitilafu) C0035, kwa mfano, hukuelekeza kwenye sensa ya gurudumu la mbele kushoto. Hapo ndipo watu wanapopoteza pesa: kodi haisemi kwamba sensa imekufa, inasema ishara ya upande ule haieleweki.

Gari langu mojawapo lilikuwa na tabia ya kutetemesha pedali kila nikikaribia kusimama, barabara kavu, na taa haiwaki. Nilipochomoa sensa ya mbele, ncha yake yenye sumaku ilikuwa imevaa manyoya meusi ya unga wa chuma. Nikaifuta, lakini mtetemo haukuisha. Tukanyanyua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi, tukazungusha gurudumu polepole huku tukimulika tochi. Kutu ilikuwa imevimba chini ya ile pete mpaka ikaipasua, ufa mwembamba kati ya meno mawili. Ufa ulipopita mbele ya sensa, kompyuta ilidhani gurudumu limeanza kujifunga, ikalegeza breki. Tulibadilisha pete tu. Sensa ya zamani ilirudi mahali pake na kazi ikaisha.

Sensa za zamani za waya mbili hupimwa kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Nyingi husoma kati ya omu 800 na 2000, ila kitu cha maana zaidi ni kulinganisha kushoto na kulia, na kuutikisa waya huku unasoma: namba ikirukaruka, waya umekatika ndani. Usizipime hivyo sensa za kisasa zinazotumia umeme wa gari, unaweza kuziua. Sensa ikiwa imeng'ang'ania kwa kutu, ipulizie dawa ya kulegeza na uipe muda. Ukiigonga kwa nyundo itavunjikia ndani. Angalia pia beringi iliyolegea, tairi za saizi tofauti, fyuzi na betri dhaifu.

Magurudumu yakiwa safi na kodi zinalaumu pampu au valvu, ndipo uguse kitengo chenyewe cha ABS, yaani pampu, valvu na kompyuta yake. Kwenye magari mengi kisanduku cha kompyuta hutenganishwa na sehemu ya mafuta, kwa hiyo fundi wa elektroniki anaweza kuchomelea upya viungio vilivyoachia bila kufungua paipu hata moja. Ukinunua kilichotumika, namba ya kipuri ilingane yote, herufi kwa herufi. Na ukifungua paipu, uliza kama fundi ana mashine ya kuamuru valvu zifunguke wakati wa kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, maana baadhi ya magari hayatoki hewa yote bila hiyo, na pedali itabaki laini.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu, na unyevu huo huozesha valvu kutoka ndani. Mimi hubadilisha kila baada ya miaka 2. Usitie DOT 5 ya silikoni kwenye mfumo wa ABS.

Kuchomoa balbu nakupinga kabisa, kwa sababu atakayelinunua gari hilo kesho hatajua anaendesha nini. Wewe ukinunua, washa swichi: taa ya ABS lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, omba kuona kilicho nyuma ya dashibodi.

Ukishatengeneza, tafuta sehemu tupu yenye changarawe au maji, nenda mwendo mdogo, kisha kanyaga breki kwa nguvu zote. Pedali itatetemeka na kunguruma chini ya mguu. Usiachie, mguu ubaki palepale mpaka gari lisimame.