Kuzima kamera sio uvivu, mleta mada subiri kabla hujaandika hizo barua

Mleta mada unasema una watu saba wanafanyia kazi nyumbani, wanagoma kuwasha kamera, meseji wanajibu wanapojisikia, na unataka kuwapa wote barua za onyo. Ndugu yangu ngoja kwanza. Mimi nilishakaa kwenye hicho kiti, barua nikatoa, na ile barua inaniuma mpaka leo.

2020 ofisi zilipofungwa nilikuwa nasimamia watu tisa, kazi yetu kuhakiki ripoti za wateja. Mkubwa wangu akaleta masharti, kamera iwe wazi muda wote wa kazi, taa ya kijani ya kwenye programu inayoonyesha upo kazini isizimike, meseji ijibiwe ndani ya dakika tano. Nikayapokea yalivyo nikawashushia watu, maana na mimi nilikuwa naogopa, simuoni mtu, sijui nani anafanya kazi nani kalala.

Mgomo wenyewe haukuwa na kelele. Ni "mtandao unasumbua", "kamera imekufa", mtu anakuitikia sawa bosi halafu kesho yake vilevile. Aliyekataa waziwazi ni dada mmoja mkimya ambaye ripoti zake nilikuwa hata sizirudii kuzikagua. Nikamwandikia barua. Jioni akanipigia simu ya video, hakubishana na mimi, akageuza tu laptopu nione: kaiweka juu ya meza ya kupigia pasi nyuma ya mlango, taulo kalikunja kaziba upenyo wa chini kelele zisiingie, na hatua mbili kutoka hapo mama yake mgonjwa kalala kitandani. Akasema kazi nakuletea kila siku bosi, ila mama yangu sitaki ofisi nzima imuone akiwa hivi. Aisee nilikosa la kujibu.

Sasa sikia hii. Kwenye timu hiyohiyo kulikuwa na mmoja kijani asubuhi mpaka jioni, mimi namsifia kwenye vikao, kumbe mausi anailaza juu ya saa ya mkononi, ule mshale wa sekunde ukizunguka pointa inatikisika kwenye skrini na programu inaamini yupo. Nilipombana mbona kijani siku nzima na ripoti hamna ndo akanieleza mwenyewe. Yaani anayefanya kazi nimempa onyo, anayecheza na taa nimempa sifa.

Na hili la kamera watu hawadeki. Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza 2021 kwa nini vikao vya video vinachosha: sura za watu zinakukazia macho kwa karibu mno, unajitazama mwenyewe muda wote, mwili umefungwa sehemu moja, na akili inafanya kazi ya ziada kusoma ishara za wenzako. Hiyo ni vikao tu, wewe unataka siku nzima. Uholanzi 2022 kuna mfanyakazi alifukuzwa kwa kukataa kuwasha kamera masaa tisa kwa siku, akaenda mahakamani akashinda, kampuni ikaamriwa kumlipa kama euro 75,000. Kwa hiyo usidhani sheria lazima iko upande wako, angalia ya kwenu kabla hujasaini kitu.

Nilichofanya, nilikaa na timu tukapitia sharti moja moja nikiuliza hili likivunjwa nani anaumia. Kamera, hakuna, ikawa hiari. Taa ya kijani, hakuna. Kuchelewa kujibu mwenzako anayesubiri faili lako ili amalize, hapo mtu anaumia kweli, anakesha kwa ajili yako, kwa hiyo hilo tulilibakiza tena kwa ukali, asubuhi masaa mawili wote tunapatikana na kazi ya siku inakabidhiwa kabla ya saa kumi. Mmoja aliendelea kupuuza hata hilo tulilokubaliana wote, huyo nilimpa barua na sikujuta.

Yule dada nilimuomba radhi mbele ya timu, kwa sababu walijua nimemuandikia, na barua nikaiomba itolewe kwenye faili lake. Ilichukua miezi miwili kutoka.

Hao saba wako umeshawauliza mmoja mmoja, kwa simu sio kwenye grupu, wanakaa wapi wakiwa kazini? Anzia hapo halafu rudi utuambie.