Simu ndo duka langu, kwa hiyo usiniambie niizime

Ushauri wa mambo ya simu na mitandao karibu wote unaanzia palepale: zima simu, futa apu zote, kaa mwezi mzima bila mtandao uone akili inavyotulia. Sawa. Ila mimi nauza vitenge na madera, mzigo nachukua Kariakoo, wateja wangu wengi hata sura zao sizijui, tunajuana kwa stetasi na Instagram, hela inaingia kwa simu, boda anaelekezwa kwa simu, mama yangu yuko Tanga ananipata kwa simu, kikao cha ukoo nacho siku hizi kinafanyika kwenye simu, sasa nikiizima nakula nini? Najua tupo wengi, mama ntilie anayepokea oda za mchana WhatsApp, fundi cherehani anayetumiwa picha za mishono, dalali wa vyumba, mwalimu wa tuisheni. Haya ninayoandika ni ya sisi tusiozima.

Kilichokuwa kinanimaliza ni kwamba kwenye simu kila kitu kinalia mlio mmoja. Mteja anauliza namba ya kulipia, ting. Mtu kwenye grupu la tuliosoma wote kaweka picha ya maua imeandikwa asubuhi njema, ting. Mtandao unakutangazia ofa ya bando, ting. Mtu usiyemjua kalaiki picha ya mtu mwingine usiyemjua, ting. Sasa wewe unayetegemea simu huwezi kuacha kuangalia maana hujui ipi ndo hela, unaangalia zote, na ukishaishika simu kwa ajili ya hiyo moja hutoki, unaingia kuangalia nani kaposti nini, ukija kushtuka ubwabwa unaungua.

Kilichonifungua macho ni ile Mei 2024, mtakumbuka, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, Seacom na EASSy, Jumapili ya tarehe 12, intaneti ikawa inasuasua Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine. Kwangu WhatsApp ikawa inazunguka tu, picha hazifunguki, stetasi haipandi. Nikasema biashara imekufa. Lakini simu za kawaida zilikuwa zinapita, na wateja wanaotaka mzigo kweli wakaanza kupiga, "dada lile la bluu bado lipo?", lipo, "nitumie namba", basi, dakika mbili tumemalizana. Wale wa "bei gani" alafu wanapotea, na wale wa "nitumie na rangi nyingine, na nyingine, na nyingine", hawakupiga. Na kitu kingine, nilikuwa najikamata naichukua simu, naiwasha kioo, hakuna kitu, naiweka chini, baada ya muda mfupi naichukua tena. Hakuna aliyenitafuta wala mlio haujalia, ni mkono tu umezoea. Hapo ndo nikajua kuna kazi mbili tofauti, kutenganisha milio na kuuzoesha mkono kitu kingine.

Kutenganisha milio ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye simu za Android ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya notifikesheni, kila apu unaweza kuipa mlio wake au kuinyamazisha kabisa. Instagram, Facebook, TikTok, zote nimezinyamazisha, na siyo mlio tu, hata kile kinamba chekundu pembeni ya apu nimekitoa maana kile ndo kinachokera zaidi, kinakaa pale kinakudai. Meseji za kawaida nimezipa mlio wao kwa sababu miamala inaingia huko. WhatsApp nayo nimegawa, magrupu hayalii isipokuwa la msiba, watu mmojammoja wanalia, na mama yangu ana mlio wake peke yake ambao hata nikiwa bafuni naujua. Ukishamaliza hapo utashangaa siku ilivyo kimya. Siku za mwanzo utahisi simu imeharibika, utaizima uiwashe tena uone kama iko sawa, ni kawaida.

Kwa wafanyabiashara kuna hii WhatsApp Business, ipo tangu 2018 na ni bure, lakini naona wengi wanaiweka kwa ajili ya lile neno Business tu likae kwenye jina. Ndani kuna sehemu ya kuweka saa za kazi na ujumbe wa kujijibu wenyewe ukiwa haupo. Wa kwangu unasema: "Karibu sana mpendwa. Tunajibu kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Acha oda yako hapa, asubuhi utakuwa wa kwanza kujibiwa." (Angalia tu pale unapopanga saa, simu inahesabu kizungu, saa 2 usiku ni 20:00, kuna mwenzangu aliweka kinyume akawa anawaambia wateja amefunga mchana kweupe.) Nilikuwa na wasiwasi nitakosa hela za usiku. Kiukweli mtu anayekuuliza bei ya dera saa 6 usiku mara nyingi anatafuta usingizi, hatafuti dera, na anayelitaka kweli asubuhi utamkuta kaandika mpaka mtaa anaokaa.

Sasa tuje kwenye magrupu, maana hapa ndo kwenyewe.

Sijui kwingine, ila kwetu grupu siyo kitu cha kujiungia, unajikuta umo. Mtu anaoa, umeingizwa kwenye kamati. Hukuulizwa. Saa hiyohiyo inatupwa orodha ya ahadi, moja baba mzazi laki tano, mbili mjomba laki tatu, kila mtu anatakiwa aikopi aongeze jina lake chini airudishe, sasa watu wawili wanakopi kwa wakati mmoja, kila mmoja anaongeza lake, ya pili ikirushwa jina la wa kwanza halipo, anakuja juu, "mbona mimi mmenifuta au hela yangu haina thamani?", mweka hazina anaomba radhi, orodha inaanza upya, hapo zimeshapita meseji mia na kilichobadilika ni jina moja. Na harusi ikishapita grupu halifi. Linabadilishwa jina, linakuwa la familia, baada ya muda kidogo mtu anauza viwanja humo, mwingine anatupa video ya daktari asiye na jina anayetibu sukari kwa majani.

Ninachofanya siku hizi, nikiingizwa kwenye kamati nanyamazisha moja kwa moja, WhatsApp ina sehemu ya kunyamazisha daima, siyo ile ya saa nane au wiki, halafu nalipeleka kwenye zile chati zilizohifadhiwa ili lisiwe linarukaruka juu ya wateja wangu. Kisha namfuata mweka hazina inboksi: "Shikamoo mama mdogo, ahadi yangu ni kiasi hiki, nitaitoa mwisho wa mwezi, mambo ya grupu sifuatilii sana kwa sababu ya kazi, kukiwa na jambo linalonihusu naomba unipigie." Hakuna aliyewahi kuchukia, tena wanafurahi maana mtu aliyeahidi na kutoa ni bora kuliko anayesema "tuko pamoja" kila siku na hatoi kitu. Harusi ikiisha nalefti. Tangu 2022 ukilefti wanaoarifiwa ni maadmini tu, haitangazwi tena grupu zima kama zamani, ingawa anayetaka kuchimba anaweza kuingia kwenye orodha ya waliotoka akakuona, kwa siku 60, na ukoo wetu wa kuchimba hawakosekani.

Grupu la msiba silinyamazishi. Hilo ni suala lingine, lina watu wanaokungoja, na mambo yake ni ya siku hizo hizo.

Vitu vya kufowadiwa navyo nina kanuni moja. Ujumbe ukiwa umeshapita mikono mingi WhatsApp wanauwekea mishale miwili pale juu, na tangu 2020 huwezi kuusambaza zaidi ya chati moja kwa mara moja. Mimi nikiona mishale miwili sifungui, hata kama aliyetuma ni mchungaji. Na nimezima ile ya picha na video kujidanlodi zenyewe, utaiona kwenye sehemu ya hifadhi na data, MB zinapona na simu haijai.

Ugumu wenyewe ni watu, siyo mipangilio. Sisi tumelelewa kuitika. Mtu akikuita unaitika, ukinyamaza ni dharau, na zile tiki za bluu zimelifanya jambo hili kuwa kesi. Shangazi yangu siku moja alipiga, nikapokea, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe, nimekuandikia tangu asubuhi, tiki za bluu naziona, umesoma umekaa kimya. Ndo ukubwa huo?"

"Nisamehe shangazi, nilikuwa na wateja, nikasema ntakujibu nikitulia."

"Sasa si ungeandika hivohivo, shangazi nina wateja? Mi nimekaa hapa nawaza nimekukosea nini."

Alikuwa na haki. Siku hizi nikisoma meseji ya mtu wa heshima na siwezi kujibu muda ule naandika "nimeiona shangazi, nakupigia jioni" na jioni napiga kweli, maana ukisema unapiga halafu hupigi ni bora ungenyamaza. Simu ya dakika tano na shangazi inamaliza mambo ambayo kwa kuchati yangechukua wiki na bado mngeelewana vibaya. Tiki za bluu nimezima pia, ila ujue ukizima na wewe huzioni za wenzako, halafu kwenye magrupu hazizimiki, na sauti ulizotumiwa ukisikiliza mtumaji anaona tu. Kwa hiyo usije ukasema umejificha.

Stetasi za watu. Hapa sina mengi, ila wewe unayefanya biashara chunga, maana unaingia kuposti mzigo wako, unatoka umeshaangalia gari jipya la fulani, nyumba ya fulani, fulani yuko Zanzibar na mume, na dera lako ulilokuwa unalipenda asubuhi unaliona la kawaida. Mi napandisha zangu, natoka. Wa kuangalia nimebakiza wachache, wengine wote nimewaficha na hawajui, mtanisamehe. Kinachopotea baada ya saa 24 kimewekwa hivyo ili urudi kila siku, usiporudi hakuna ulichokosa, kama ni harusi watakuingiza kamati.

Zile video fupi ndo mtihani wangu. Ile kuskroli bila kufika chini ina mwenyewe aliyeibuni, Mmarekani anaitwa Aza Raskin, 2006, na baadaye yeye mwenyewe akasema hadharani anajuta. Zamani ukurasa ulikuwa unafika mwisho, unabonyeza kwenda wa pili, pale katikati akili inapata nafasi ya kukuuliza hivi bado uko hapa? Sasa nafasi hiyo hakuna. Kwa hiyo mwisho inabidi ujitengenezee, na mwisho wangu mimi ni bando. Nanunua dogo la siku, linalotosha kazi, video zikinizidi linakata lenyewe na mi naogopa kuongeza maana hela ya bando natoa kwenye faida. Bando la usiku siligusi. Linauzwa bei chee kwa sababu ni la saa ambazo ungekuwa umelala, na ukishalilipia unaona ukilala unapata hasara, unakaa macho mpaka saa 9 ili MB zisipotee, asubuhi unafungua duka macho mekundu na mteja wa kwanza unamjibu vibaya. Sasa hapo umeokoa nini?

Chaji nayo, simu yangu inachajiwa sebuleni, na nimenunua saa ya mezani ya kuniamsha, za Kariakoo zipo za bei ya soda mbili tatu, maana kisingizio cha "nailaza kitandani iniamshe" ndo mlango wenyewe. Mkono usiku ukipapasa haukuti kitu. Utapapasa wiki za mwanzo, alafu utaacha.

Kwa mtoto bado sijafika. Ana miaka minne na chakula hakiendi bila katuni, ukimnyima anagoma, na bibi yake akija anasema mpe mtoto simu ale. Nimejaribu kumpa akila nusu, amejifunza kula nusu. Dada wa kazi kanishauri tumweke mezani na sisi tule naye muda mmoja wote bila simu, mimi nikiwemo, na hapo kwenye "mimi nikiwemo" ndo tunapovutana kwa sababu saa ya chakula cha mchana ndo saa wateja wa ofisini wanauliza mzigo. Tumekubaliana tuanze na chakula cha usiku, saa 2 nikishafunga.