Maswali ya Wasomaji: Kiti cha pweza wangu analegea, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nina tangi la maji ya bahari lita 100 hapa nyumbani, mawe yapo, matumbawe laini yapo kidogo, na samaki wawili. Kijana wangu akaniomba kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, nikamnunulia yule wa kijivu mwenye pembe nyekundu, saizi ya kisahani cha chai. Wiki za kwanza alikua anatembea kioo kizima mpaka majirani wanakuja kumuangalia, sasa wiki ya tatu amelegea, mikono imejikunja na ncha ya mkono mmoja inamomonyoka imekua nyeupe. Na maji nayatunza jamani, kila siku yakipungua naongeza maji ya bahari safi nayachota mwenyewe. Aliyeniuzia alisema hawa hawana shida, wanakula uchafu tu.
Baba wa watoto wawili, Nyali, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, najua unavyojisikia ukiamka asubuhi kitu cha kwanza unaenda kuchungulia kama bado amejishika kwenye kioo.

Nimeisoma barua yako mara mbili na nadhani tatizo umeliandika mwenyewe bila kujua, hapo uliposema unaongeza maji ya bahari. Maji yanayopungua kwenye tangi yanaenda hewani, lakini chumvi haiendi popote, inabaki humo humo. Sasa ukijazia na maji ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi. Piga hesabu: lita moja ya bahari yetu ina kama gramu 35 za chumvi, kwa hiyo tangi lako lilianza na kilo tatu na nusu hivi. Tuseme kwa joto la Mombasa linapoteza lita moja kwa siku, siku 21 umeshaingiza gramu 735 zaidi, yani sasa hivi maji yako yako kwenye gramu 42 kwa lita badala ya 35! Samaki wako wanavumilia kwa sababu samaki wa bahari ana figo na mashavu yanayopambana na chumvi. Kiti cha pweza hana hiyo mitambo kabisa. Mwilini mwake kumejaa maji yanayokaribia kuwa sawa na ya nje, ana kitundu kama chujio pale mgongoni kinachounganisha mirija yake na bahari, na vile viguu vyake vidogo mamia anavyotembelea vinafanya kazi kwa msukumo wa hayo maji. Maji ya nje yakibadilika na yeye ndani anabadilika, hana pa kujificha.

Cha kufanya leo: tafuta rifraktomita, ndio kile kipimo cha chumvi unachochungulia kwa jicho, usitegemee kuonja wala kukadiria. Unataka kisome 1.025 au 1.026, huo ni uzito wa maji ukilinganisha na yasiyo na chumvi, karibu sawa na zile gramu 35. Ukikuta imepanda usiishushe kwa siku moja maana utammaliza, toa maji ya tangi kidogo weka ya baridi yasiyo na chumvi yaliyochujwa, kesho tena kidogo, siku nne tano mpaka ufike. Nikisema maji ya baridi namaanisha yale ya kunywa, na ya bomba usimwage moja kwa moja, yana klorini. Halafu bandika kipande cha tepu kwenye kioo pale maji yanapoishia, kila siku ukiona yameshuka chini ya tepu unajazia maji yasiyo na chumvi, basi. Maji ya bahari ni ya siku ile unapobadilisha maji tu. Na hapo pia angalia unachota wapi, ndani ya kriki za Tudor na Kilindini wakati wa masika mvua inaingia na taka za mji zinaingia, chota nje upande wa bahari kuu maji yakiwa yamejaa.

Sikufichi lakini, ncha ikishaanza kumomonyoka wengi hawarudi. Mchunguze asubuhi na jioni, ukiona amefumuka hajishiki tena na viguu havisogei mtoe haraka sana, maana akioza ndani ya lita 100 amonia, ile sumu ya uozo, inapanda na utapoteza na samaki.

Na hilo la kula uchafu si kweli, aliyekwambia amekukosea. Huyo mwenye pembe nyekundu, kitaalamu Protoreaster linckii, anakua mpaka sentimita 30 na anakula sponji, chaza, na matumbawe yenyewe. Anatoa tumbo nje kupitia mdomoni analifunika juu ya chakula. Sasa kwenye tangi la matumbawe ni mawili, ale bustani yako au afe njaa. Mimi naomba sana watu wamuache kule kwenye nyasi za bahari anakoishi.

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi nilikua na kiti cha pweza yule wa bluu, maji napima kila wiki yako safi, chumvi 1.025, nitrati (mabaki ya uchafu wa samaki) karibu sifuri, joto 26. Kaishi miezi mitano vizuri kabisa halafu akaanza kukonda akafa. Ugonjwa gani huo?
Mama wa Mbezi, Dar

JIBU: Marahaba. Hiyo ni njaa dada yangu, na inaniuma kwa sababu ndio kifo cha wengi na hakionekani. Huyu wa bluu, Linckia laevigata, analamba utando mwembamba unaoota juu ya mawe. Tangi jipya halina huo utando wa kutosha, na hata uliopo akiumaliza anaanza kujila mwenyewe taratibu miezi na miezi, kwa nje unaona mzima. Dalili ni mikono kuwa myembamba, ngozi inabonyea. Wengi ukiwawekea nyama ya kamba hata hawagusi. Mimi simshauri mtu amuweke kama tangi halina lita mia kadhaa, mawe mengi, na umri wa mwaka, na hata hapo ni kubahatisha.

Kama roho yako inataka kiti cha pweza kweli, anza na ndugu zao wenye mikono myembamba kama nyoka wanaojificha chini ya mawe, hao ndio wanakula mabaki ya chakula cha samaki. Mpe kipande kidogo cha kamba mara mbili kwa wiki ataonekana tu. Ila yule mkubwa wa kijani, Ophiarachna incrassata, muogope, usiku anajiinua kama mwavuli samaki akiingia chini anamfungia.

Na yeyote utakayenunua, mpe dripu, yani mzoeshe maji ya tangi tone kwa tone. Wa kwanza wangu niliuelesha mfuko wake juu ya maji ya tangi dakika kumi nikamtumbukiza, siku ya tatu amekwisha, mpaka leo najuta. Muweke na maji yake kwenye ndoo, chukua mpira mwembamba wa hewa, funga fundo lilegee, maji ya tangi yadondoke matone mawili matatu kwa sekunde, saa tatu au nne. Usimtoe majini, mhamishe kwa kikombe akiwa ndani ya maji.

SWALI: Salamu kutoka Muscat. Samaki wangu wana madoa meupe, dukani nimepewa dawa ya shaba. Naweza kuweka na viti vya pweza wamo?

JIBU: Hapana ndugu yangu, usiweke! Shaba inaua viti vya pweza, kamba, konokono na matumbawe. Tena mawe yanaifyonza halafu yanaitema baadae, kwa hiyo hata ukibadilisha maji haujapona. Watoe samaki uwatibu kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe wala mchanga.

SWALI: Babu, mkono wa kiti cha pweza ukikatika unaota?
Mwanafunzi darasa la sita, Tanga

JIBU: Unaota mjukuu wangu, lakini ni kazi ya miezi mingi na lazima awe anakula vizuri. Na wale wa jamii ya Linckia mkono uliokatika wenyewe unaweza kuota mwili mpya, unaanza na vimikono vinne vidogo sana pembeni ya ule mkubwa, wataalamu wanasema unafanana na nyota yenye mkia. Ukimuona ufukweni muangalie tu, usimbebe.