Tumbo limejaa, ndoo haijai

SWALI: Shikamoo. Nina ng'ombe mmoja, chotara wa Friesian, hapa Marangu. Alizaa Novemba, akawa anatoa lita 12 kwa siku. Sasa Februari ametua mpaka lita 6, na mifupa ya kiuno inahesabika. Chakula hakosi: asubuhi namkatia mgomba, jioni mabua ya mahindi yanayoletwa na kirikuu kutoka Himo. Hori halikauki. Shemeji anasema niongeze pumba tu. Ni kweli?
Mama wa Marangu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji yako namwelewa. Pumba zinauzwa dukani, kwa hiyo ndizo kila mtu anazozikumbuka kwanza. Mimi, niliyezunguka mabanda ya Kilimanjaro mpaka nikastaafu, naanzia kwenye hori.

Mgomba ni maji. Kata kilo 50 za shina, zikauke, utabaki na kilo 3 au 4. Kiangazi hiki unamsaidia kupunguza kiu, sikukatazi, ila usiuhesabu kuwa mlo. Mabua ni kinyume chake: makavu, magumu, na yakishaingia tumboni hayatoki upesi.

Chukua kalamu. Nguvu ya chakula hupimwa kwa megajuli. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama 50 kila siku kwa kuishi tu, hujakamua hata tone. Kila lita ya maziwa inataka nyingine 5. Kilo moja ya mabua makavu inampa kama 7, na hawezi kula zaidi ya kilo 7 au 8 kwa siku, maana yanakaa muda mrefu kwenye tumbo kubwa yakisubiri kulainika, na tumbo likijaa hamu inakwisha. Zidisha: amepata ya kuishi na chenji kidogo. Sasa hizo lita 6 zinatoka wapi? Zinatoka mwilini mwake. Ndiyo mifupa unayoiona.

Na nguvu iliyomo ndani ya mabua haimfikii yote. Anacheua kwa saa nyingi zaidi, na vijidudu vya tumboni vinavyovunja nyuzi hizo ngumu vinatoa joto na gesi ya methani, ambayo ng'ombe anaibeua ikapotea hewani. Ni kama kupikia kuni mbichi: moshi mwingi, sufuria haichemki. Vijidudu hivyo navyo vinataka protini. Malisho yakiwa na chini ya asilimia 7 hivi, vinazorota, na mabua ya mahindi mara nyingi yana 4 au 5. Kwa hiyo anashiba kweli, anacheua kweli, na maziwa hayaji.

Matete (nyasi za tembo) yakikatwa yakiwa machanga, urefu wa kama mita 1, kilo moja kavu hutoa kama megajuli 9. Tena ni laini, kwa hiyo atakula hadi kilo 11 kavu, yaani kilo 60 au 70 mbichi. Fanya hesabu ileile uone: kwa upande wa nguvu, lita 9 zinapatikana bila pumba. Lakini huko kwetu migombani watu wanayaacha matete yampite mtu kimo, eti yawe mengi. Yanayoongezeka hapo ni mashina!

Najua kihamba, shamba lako la nyumbani, hakina nafasi, na matete ya kutosha hutayapata kesho. Basi mabua usiyatupe, yatengeneze. Katakata vipande vya sentimita 3 hivi, nyunyizia molasi iliyozimuliwa kwa maji (nyinyi mna bahati, kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo chini ya Moshi), kisha changanya na majani ya miti. Panda kaliandra au lukina kwenye mpaka na kingo za mfereji. Kilo 3 mbichi za kaliandra zinakaribia kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani. Lukina isizidi theluthi ya mlo, ina sumu yake ikizidishwa. Ukipata mabaki ya maharage, yachukue kabla ya mabua ya mahindi. Na weka kidogo zaidi ya anachomaliza, achague majani, mashina yaliyobaki yaende kwenye mbolea.

Hayo yakikaa sawa, mpe kilo moja mbili za pumba na mashudu ya alizeti wakati wa kukamua. Hapo shemeji atakuwa na haki yake.

SWALI: Mimi nimefanya hivyohivyo kwa pumba. Nimepunguza majani, nimezidisha pumba, maziwa yameongezeka. Lakini mnunuzi wangu analalamika mtindi hauna mafuta. Nimwambie nini?
Mfugaji, Usa River

JIBU: Mwambie yuko sahihi. Nyuzi za majani zikichachuka tumboni hutoa asidi ya asetiki, na sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa hutengenezwa kutokana nayo. Ukipunguza majani, umepunguza mafuta. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tumbo lenyewe: pumba nyingi hulitia uchachu, na kesho utamwona anaacha kula, anaharisha, baadaye kwato zinauma. Rudisha majani yawe angalau nusu ya mlo ukipima vikavu, uzipunguze pumba hizo polepole kwa wiki nzima, na umwangalie mchana akiwa amelala: ng'ombe kadhaa wakipumzika, zaidi ya nusu wawe wanacheua.